Siku Nilipochagua Ndolo

Wiki chache zilizopita mwenzangu mmoja wa hapa chuoni Kasapa, Lubumbashi, ambaye hajawahi kufika Kinshasa, aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ushauri wa ndoa: kati ya viwanja viwili vya ndege vya mji ule, ashukie Ndjili au ashukie Ndolo? Angesafiri na mama yake mzazi, ambaye magoti yake yamechoka, na kila mtu aliyemwendea alikuwa amempa jibu tofauti kwa uhakika uleule. Nilifungua kinywa nimjibu, nikacheka, na kicheko kikakatika njiani kikawa kitu kingine. Ikanibidi nimweleze kwamba swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, nikiwa bado na pengo la meno ya mbele, na kwamba jibu nililolitoa lilitokana na kosa ambalo mtoto wa Lubumbashi pekee angeweza kulifanya.

Nawaandikia hasa ninyi mliokuwa watoto pamoja nami, katika miaka ambayo simu moja ilikuwa ya nyumba nzima, ikilala juu ya kabati kando ya redio, na mazungumzo yalikatika katikati ya neno kwa kuwa uniti zimekwisha. Mtakumbuka jinsi tulivyozoea kukamilisha wenyewe sentensi za wakubwa. Nadhani sehemu kubwa ya tuliyoyajua juu ya dunia tuliipata hivyo, nusu kwa kusikia na nusu kwa kujazia.

Tulikaa mtaa wa Katuba, mimi, Mama, na Kaku, yaani bibi mzaa baba. Kaku alikuja mjini humu akiwa bibi arusi kutoka Kananga, na Kiluba cha Kasai hakikumtoka mdomoni hata alipokuwa akigombana na muuza mkaa kwa Kiswahili. Katika mwaka ninaousimulia macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Vitabu vya Kiswahili huuita ugonjwa huo mtoto wa jicho; sisi nyumbani tuliuita kwa jina lake la Kifaransa, bila kuuelewa zaidi. Alimimina chai kwa kusikiliza. Kikombe kilipokaribia kujaa sauti ilipanda, naye akasimamisha mkono, na sikuwahi kumwona akimwaga. Lakini alikuwa ameacha kutoka nje ya ua, na jioni alikaa ukutani akielekeza uso upande ambao jua lilizamia, kama mtu anayesikiliza habari iliyosomwa kwa lugha anayoisahau.

Nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa watu wa Kasai jambo hili si pambo. Kaku aliniita Mamu, maana yake mama, na hakuwa akinibembeleza tu alipotamka hivyo. Aliniletea mashtaka yake. "Mamu," alikuwa akisema mbele ya mama yangu, "huyu muke ya mujukuu yako amenipa chai ya baridi. Unaona namna banatesa binti yako?" Mama yangu alikuwa akicheka na kuirudisha chai jikoni. Nilipokosa, Kaku hakunigusa kamwe. Alimwita Mama aje aninyooshe, kwa sababu, alisema, muntu hapige mama yake. Nilikua nikiamini kwamba kila mtoto duniani ni mama wa mtu mzima fulani, na nilipoingia shuleni nilishangaa kumkuta mwalimu hana habari na cheo changu.

Mtu mmoja hakutajwa katika nyumba ile. Papa alikuwa fundi wa breki za malori. Alianza Kasumbalesa, mahali ambapo malori hupanga foleni ndefu kusubiri kuvuka mpaka, na fundi mwenye mikono mizuri hakosi kazi. Baadaye alipata karakana Ndola, ule mji wa Zambia ambao sisi wa Lubumbashi huutaja kama mtaa wa jirani, na akaamua kuhamia huko. Siku alipoondoka, Kaku alisimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kuona ukoo wake ukitawanyika mara moja, kwa sababu ambazo wakubwa walizisimulia kwa minong'ono tu, na hakutaka kuona tena. "Ukivuka ile mupaka kwenda kulala kule," alimwambia mbele ya majirani, "usivuke tena huu mulango." Papa alivuka mpaka.

Tangu hapo nilimwona mara chache, Kasumbalesa, katikati ya malori, Mama akiwa amenishika mkono. Alinuka mafuta na chuma kilichopata moto. Alinipima kimo kwa kiganja kifuani pake, na baada ya muda dereva fulani alileta viatu au sabuni za Zambia, na Kaku hakuzigusa sabuni hizo. Mama alijaribu kumsihi, wakati wa kupepeta mchele, wakati wa kusuka nywele, saa ambazo maneno magumu huteleza. Kaku alijibu daima jambo moja: neno la mama, likisemwa mlangoni mbele ya watu, hawezi kulitoa yeye mwenyewe eti kwa sababu ameamka na moyo mwepesi. Anayeweza kumfungua ni aliyemzaa. "Na ule wa kunitosha mu ile neno," alisema, yaani wa kumtoa ndani yake, "alishakufa." Kisha alinigeukia: "Si ni vile, Mamu?" Nami niliitikia, ndiyo, ni vile, bila yeyote kati yetu kusikia tulichokuwa tumesema.

Likizo kubwa ilipoanza, ule msimu wa kiangazi ambapo asubuhi za Lubumbashi ni baridi kiasi cha watoto kuota moto wa takataka, shangazi yangu alipiga simu kutoka Kinshasa. Tulimwita Tanti; wazazi wangu walimwita Yaya, dada mkubwa. Alikuwa muuguzi, na alimjua daktari wa macho aliyemwamini. Kaku apelekwe, alisema, atalala kwake, na mimi niandamane naye niwe mkono wake wa kushika. Hilo lilikubaliwa upesi. Ugomvi uliwaka pale mazungumzo yalipofika kwenye suala la uwanja wa ndege.

Simu iliwekwa katikati ya meza, ikipaza sauti.

"Ndjili iko mbali, Mama," sauti ya Tanti ilisema. "Utatoka mu ndege muzima, ukufe mu barabara ya Masina! Magari inasimama, jua inapiga, na pale inje bantu banavuta kila mutu mufuko yake. Ndolo iko hapa hapa Barumbu. Minatoka ku nyumba na miguu."

"Yaya, ile ndege ya Ndolo ni kidogo!" Mama alipinga, akiiinamia simu kana kwamba angeweza kuiuma. "Inapita kwanza Kananga, inatikisika sawa baiskeli ku mabwe. Muntu muzee! Ya Ndjili ni kubwa, unalala kidogo, umefika."

"Unafika wapi? Unafika Ndjili! Kinshasa bado!"

"Bora kuchelewa mu barabara kuliko kuanguka mu pori!"

"Nani amesema itaanguka? Ni weye njo unaiangusha na kinywa!"

Kaku aliwasikiliza wote wawili, akigeuzageuza bangili mkononi. "Munabishana sawa vile mimi ni muzigo," akasema mwishowe. "Na Mamu bado hayasema."

Mimi nilikuwa chini ya meza. Nilikuwa nimeyasikiliza mabishano yale kwa makini, kwa sababu mimi peke yangu, niliamini, nilikuwa nimeelewa yanahusu nini. Neno Ndjili sikuwahi kulisikia. Lakini Ndolo nilikuwa nimelisikia wazi, na kwangu lilikuwa Ndola, mji wa Papa, na kama ncha ya neno ilibadilika nilidhani ni Tanti na ulimi wake wa Kinshasa. Mengine yalijipanga yenyewe. Jina la Papa lilikatazwa nyumbani. Basi wakubwa walihitaji njia ya kulizunguka. Macho, daktari, Kinshasa, yote yalikuwa pazia. Kaku alitaka kwenda kwa mwanawe akaona haya kusema, na kwa kuwa asingeweza kuzivumilia foleni za Kasumbalesa, angepanda ndege. Niliuona mpango huo kuwa wa heshima sana. Niliazimia kutoufichua.

"Mamu," Kaku aliita, "tushukie wapi? Ndjili ao Ndolo?"

"Ndolo," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Juu kule kuko muntu wa kutupokea."

"Mutoto iko na akili!" Tanti akashangilia simuni, akidhani namsema yeye. Kaku akapiga meza kwa kiganja. Mama yake alikuwa ameamua, na mambo yakaishia hapo.

Siku ya safari nilivaa viatu ambavyo Papa alinitumia baada ya kunipima mara ya mwisho. Vilikuwa vimenibana siku nyingi, lakini nilitaka anitambue. Uwanjani Luano kulikuwa na mizani, na kijana mwenye fulana ya kung'aa akatuomba tupande juu yake, mmoja mmoja, pamoja na mifuko yetu.

Kaku alirudi nyuma. "Mimi si mufuko ya bunga."

"Samahani, Mama. Ni kanuni ya ndege kidogo. Rubani anapashwa kujua uzito."

"Basi upime na ulimi yangu, njo iko nzito kupita."

Watu wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, na yule kijana akacheka hadi akasahau kuandika, ikabidi ampandishe tena. Mama alinifunga kitambaa shingoni, akanikumbusha nisimwachie Kaku mkono hata chooni. Nilitamani kumnong'oneza kwamba najua, kwamba nitamsalimia mtu fulani kwa niaba yake. Nilimkonyeza jicho. Alidhani vumbi limeniingia, akanipuliza.

Ndani ya ndege kulikuwa na harufu ya mafuta na ya samaki wa kukaushwa waliofungwa vibaya na mtu fulani. Injini zilivuma hadi meno yakatetemeka. Kaku alishika mkono wangu wa kulia, na mimi nilishika chuma cha kiti kwa wa kushoto. Ilitikisika kweli, Mama hakutia chumvi. Kaku alisali kwa Kiluba, na kila tulipotumbukia katika shimo la hewa sala ilipanda sauti, halafu ikashuka. Kananga tuliposimama aliomba ateremshwe hadi ngazi ya mwisho ili aikanyage ardhi ya kwao, akaikanyaga, akavuta pumzi, akasema tu kwamba harufu haijabadilika, kisha tukapanda tena.

Kisha nikauona mto. Katika maisha yangu nilikuwa nimeuona mto mkubwa mmoja tu, Luapula, siku Mama aliponipeleka Kasenga kununua samaki, na nilikuwa nimefundishwa kwamba ng'ambo ile pale ni Zambia. Huu ulikuwa mpana kupita kumbukumbu yangu, lakini nikajieleza kwamba kutoka juu vitu huonekana vikubwa. Ili nihakikishe nilimwuliza mzee aliyeketi mbele yetu, ng'ambo ile ni wapi.

"Ah, ule upande ni inchi ingine, mutoto."

Nikaegemea kiti nikiwa nimeridhika kabisa. Na tulipoteremka, joto likatuzingira kama blanketi lililoloweshwa, na wabebaji mizigo wakaitana kwa lugha nisiyoijua, hilo nalo lilikaa mahali pake: si ndiyo hivyo Zambia, watu wana lugha yao? Kilingala nilichokisikia siku ile kwa mara ya kwanza nilikipokea kwa heshima kama Kibemba cha ndani sana.

Nawaambia haya kwa kirefu kwa sababu tangu hapo nimejifunza, darasani na kwingineko, jinsi akili inayotaka jambo fulani isivyokosa ushahidi. Tunawasema watoto kuwa wanajidanganya. Mtoto niliyekuwa alipima, alilinganisha, aliuliza shahidi, na kila alichokiona kilithibitisha tumaini lake. Sijui kama wasomi niliokutana nao baadaye wana njia bora kuliko hiyo.

Tanti alitupokea kwenye kivuli, mnene, mwenye manukato, akilia na kuongea kwa pamoja. Alimkumbatia Kaku, akaniinua, akaniweka chini. Nilitazama nyuma yake. Nilitazama kushoto, penye magari, na kulia, penye kibanda cha soda. Wanaume walikuwa wengi, na hakuna aliyenuka chuma. Viatu vilinichoma vidole.

"Twende," Tanti akasema. "Ni hapa tu."

"Papa eko wapi?" nikauliza.

"Papa gani, chérie, mupenzi yangu?"

"Papa. Si ni kwake? Si tuko Ndola?"

Sitasahau jinsi uso wa Tanti ulivyojipanga upya. "Hapa ni Kinshasa, mama yangu," alisema polepole. "Ndolo. Na o. Ndola ni kule kwenu, kisha ya Kasumbalesa. Ni mbali, mbali sana. Nani alikuambia…" Akamtazama mama yake.

Nilijaribu kuwa mtu mzima. Nilisema haidhuru, ni vizuri, twende. Lakini kilio kilikuja kupitia puani, na nikashindwa kukizuia, nikakaa chini kwenye benchi la saruji la uwanja ule na viatu vyangu vidogo mbele yangu. Mpango mzima, ule wa heshima, ulikuwa wangu peke yangu tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa amemtamani Papa isipokuwa mimi.

Kaku alipapasa benchi, akaketi karibu yangu.

"Mamu. Ulisema Ndolo juu yake?"

"Ndiyo."

"Ulizania mimi nilitaka kwenda kumuona?"

"Nilizania unaona haya, Kaku."

Ndege moja ndogo ilianza kuunguruma mbali, ikapiga mbio, ikaondoka. Uso wa Kaku ulielekea mbele, macho meupe wazi. "Kweli," akasema. "Niliona haya." Kisha kwa Tanti, kwa sauti ya mtu anayeagiza maji: "Muite."

"Nani, Mama?"

"Unamujua. Umuite. Lakini Mamu njo aongee. Mimi bado nimefungwa."

Tanti alibonyeza simu. Mama yangu hakuwa amemwambia Papa habari za safari. Alitaka kumpa habari macho yakiwa yamepona. Simu ililia huko mbali, na nyuma ya sauti iliyojibu nilisikia nyundo zikigonga chuma.

"Yaya? Kuko nini?"

"Papa, ni mimi."

Nyundo zikasimama. "Mamu? Mamu yangu! Muko wapi?"

"Niko na Kaku. Tuko ku uwanja ya ndege, Ndolo."

"Wapi?"

"Ndolo! Tumefika sasa hivi. Kaku amesema nikuite."

Nilisikia kitu kizito kikianguka. "Mubakie pale!" Papa alipiga kelele. "Musitoke! Usiache Kaku asimame mu jua! Minakuya! Mina…" Na uniti zikaisha.

Tulitazamana, mimi na Tanti. "Anakuya?" Tanti akasema. "Anakuya wapi? Na nini? Na mabawa?" Alifikiri labda jua la Zambia limempata kichwani. Akaenda kibandani kununua uniti nyingine, akarudi, akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Akasema sasa twende nyumbani, mgonjwa hawezi kukaa kwenye benchi, chakula kinapoa. Kaku hakuinuka. Alikuwa ameambiwa abaki pale, alisema, na ni mara ya kwanza kwa miaka mingi mwanawe kumwomba kitu. Tanti akanunua soda, akampepea kwa khanga. Nilivua viatu.

Simu ilipolia, Tanti aliiweka ipaze sauti kabla hajasema alo.

"Yaya, niko hapa!" Papa alihema kama mtu aliyekimbia mlima. "Sibaone. Nimezunguka nyumba yote. Huyu askari anasema ndege ya Lubumbashi haiyafika hapa leo, ananiangalia sawa mwizi juu ya hii salopeti, nguo yangu ya kazi. Munajificha wapi? Kaku ameketi?"

Tanti alifunga kinywa kwa kiganja. Mabega yake yalianza kutikisika. "Weye… weye uko wapi?"

"Si ku uwanja! Uwanja ya Ndola! Si mutoto amesema?"

"Ndolo!" Tanti alipiga yowe, machozi yakimtiririka. "Ndolo, na o! Ya Kinshasa! Oo, ninyi baba na mutoto, Mungu aliwapa masikio moja munagawana!"

Watu waligeuka kututazama. Mimi nilicheka kwa sababu Tanti alicheka, lakini niliona pia jambo ambalo halikuhitaji umri ili lionekane: Papa alikuwa ameambiwa mama yake yuko karibu, na hakuuliza kwa nini, wala nani amekasirika. Hakunawa mikono. Alikuwa ameacha lori la watu juu ya jeki akakimbia. Mtu husafiri hivyo kuelekea mahali ambapo moyo wake umekwisha kutangulia. Nimesoma maelezo mengi ya msamaha tangu siku ile, mengine yaliyoandikwa kwa umahiri mkubwa, na bado nikitaka kulielewa neno hilo namwona mtu mwenye salopeti chafu akizunguka jengo la uwanja mdogo wa ndege, akitafuta kivuli ambamo mama yake ameketi.

Kaku alinyoosha mkono. Tanti akaiweka simu kiganjani mwake. Aliishika mbali kidogo na uso, kwa mikono yote miwili.

"Kuko jua kule?" Kaku akauliza.

"Kuko, Mama."

"Umevaa kofia?"

"Hapana, Mama. Niliacha vyote."

"Ngoja." Aliiteremsha simu mapajani, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba, kama ya msichana aliyeitwa mbele ya wakubwa. "Mamu. Ile neno nilisemaka ku mulango. Unanitosha mu ile neno?"

"Ndiyo, Kaku."

"Usiseme Kaku. Sema vizuri. Mimi ni nani yako?"

Nilimtazama Tanti. Alikuwa ameacha kucheka. Nikafuta pua kwa kitambaa cha Mama, nikakaa wima.

"Minakutosha, mutoto yangu," nikasema.

Kaku aliinamisha kichwa kama anayepokea baraka. Alipoinua simu tena alikuwa ni Kaku yule wa kumgombeza muuza mkaa. "Umesikia? Kaku yako mwenyewe, mama yangu, amesema. Rudia kwanza ile lori ya bantu. Kisha, kuya nyumbani."

Yule mwenzangu wa Kasapa alisikiliza mpaka hapo, kisha akaniuliza, kwa haki kabisa, basi ashukie wapi? Nilimwambia sijui, na kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakuwa amemwuliza bado, mwenye yale magoti. Alionekana kama mtu aliyepewa ushauri mdogo kuliko alivyotarajia. Lakini mimi nalichukulia jambo hili kwa uzito. Nimeishi katika nyumba ambamo mtoto wa pengo la meno aliulizwa maoni yake mbele ya watu wazima, na jibu lake likafuatwa ingawa halikuwa na maana waliyoidhania. Naamini nchi pia inaweza kujifunza kuuliza hivyo, na kuketi kwenye benchi kungoja kuona jibu litaishia wapi.

Daktari alikuwa mwema, na kazi yake ilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, Kaku alisema sasa anataka ile ndege kubwa, ili aone mawingu, na hakuna aliyebishana naye. Tulipotoka nje Luano, baridi ya Lubumbashi ilitupiga usoni, safi na yenye vumbi, na Mama alikuwa hapo akipunga mikono. Nyuma yake alisimama Papa. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana, na hakujua aweke wapi mikono.

Kaku aliniachia mkono. Alitembea peke yake, polepole, akimtazama kila mtu njiani kwa anasa ya mtu anayeonja, mpaka akasimama mbele ya mwanawe. Alivua miwani yake nyeusi ambayo daktari alimwonya asiivue kwenye vumbi. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda, hakuharakisha, akafika kichwani, na hapo akasita. Akanyoosha kidole akagusa nywele zake juu ya sikio.

"Hizi mvi," akasema, "zilianza lini?"

"Sijue, Mama," Papa akajibu. "Hakukuwa muntu wa kuniambia."